O.G.S. Crawford: mtu aliyeisoma ardhi bila kuichimbua

Kurasa hizi zimezoea kusimulia maisha ya watunga kamusi, washairi na walimu wa sarufi. Safari hii tunamleta mtu wa ramani. Osbert Guy Stanhope Crawford, aliyejulikana zaidi kwa herufi zake tatu za mwanzo, O.G.S., hakuandika sarufi ya lugha yoyote. Alikuwa Mwingereza, mwanajiografia kwa masomo na mwanaakiolojia kwa kazi, na kwa miaka 26 aliajiriwa na ofisi ya serikali inayochora ramani za nchi yake. Hata hivyo swali lililomsumbua ni lile lile linalotusumbua sisi tunaosoma lugha za Kiafrika: watu waliokaa mahali bila kuacha maandishi, tunaweza kuwajua namna gani kwa alama walizoziacha? Na alama hizo zikishakusanywa, nani atazitunza?

Alizaliwa Bombay, India, tarehe 28 Oktoba 1886. Baba yake alikuwa mtumishi wa utawala wa Kiingereza huko. Mama yake alifariki siku chache baada ya kujifungua, na mtoto akiwa na umri wa miezi michache tu alipelekwa Uingereza kwa meli, akalelewa na mashangazi zake, wanawake wacha Mungu waliomtunza vizuri lakini kwa ukimya mwingi. Baba alibaki India na kufia huko mwaka 1894. Crawford alikua bila wazazi, bila ndugu, na bila wenzake wengi wa kucheza nao. Waliomfahamu ukubwani walieleza kwamba alikuwa mtu mkali, mwepesi wa kugombana, aliyependa paka kuliko watu. Hakuoa.

Alisoma sekondari katika shule ya bweni ya Marlborough, na hakuipenda. Alichokipenda ni chama cha wanafunzi cha elimu ya mazingira, kilichowapeleka vijana nje kutembea. Na nje ya Marlborough kuna mengi ya kuona. Upande huo wa kusini mwa Uingereza, ambao wanahistoria huuita Wessex, ardhi yake ni mwamba laini mweupe wa chokaa uliofunikwa na udongo mwembamba na majani mafupi. Juu yake kuna mawe makubwa ya Avebury na ya Stonehenge yaliyosimamishwa maelfu ya miaka iliyopita, kuna vilima vya makaburi vilivyojengwa kwa mikono, kuna ngome za udongo juu ya milima. Mahali kama West Kennet, ambapo kaburi refu la mawe limefunikwa na udongo, kijana Crawford aliweza kufika kwa miguu.

Mwaka 1905 aliingia Chuo Kikuu cha Oxford, katika chuo cha Keble, kusoma Kilatini, Kigiriki na falsafa, njia ambayo vijana wa tabaka lake walitarajiwa kuifuata. Mwaka 1908 aliiacha na kuhamia jiografia, somo ambalo wakati huo lilidharauliwa na wasomi wengi. Uamuzi huo ndio uliojenga maisha yake. Wanaakiolojia wa wakati ule walikuwa wakikusanya vitu: shoka, chungu, kisu, pambo. Mwanajiografia aliuliza swali jingine: kitu hiki kilipatikana wapi, na kingine kinachofanana nacho kilipatikana wapi? Crawford, akisaidiwa na mawazo ya rafiki yake mkubwa Harold Peake wa mji wa Newbury, alichora ramani za Uingereza zenye alama moja kwa kila shoka bapa la shaba nyeusi na kwa kila chungu cha aina fulani, akazichapisha mwaka 1912. Mwanafunzi wa isimu aliyewahi kuchora mpaka wa matumizi ya neno moja, kijiji hadi kijiji, ataitambua kazi hiyo mara moja. Alama moja pekee haisemi kitu. Alama mia moja zikikaa kando ya mito na kukwepa misitu, zinaanza kuonyesha njia ambazo watu walipita.

Mwaka 1913 alipanda meli pamoja na wanandoa watafiti waliokuwa wakienda Kisiwa cha Pasaka, katika bahari ya Pasifiki. Hawakuelewana hata kidogo, naye akashuka njiani, katika visiwa vya Cape Verde, akarudi nyumbani. Baada ya hapo tajiri wa dawa Henry Wellcome, aliyekuwa akigharimia uchimbaji wa kiakiolojia huko Sudan, alimwajiri. Crawford alipelekwa kwanza Misri kujifunza kazi, kisha akaongoza uchimbaji mahali paitwapo Abu Geili, kwenye ukingo wa mashariki wa Nile ya Buluu, karibu na Sennar. Sudan ilikuwa chini ya utawala wa Waingereza na Wamisri, na uchimbaji wa aina hiyo ulifanywa kwa mikono ya wanakijiji wengi walioajiriwa kwa ujira wa siku. Kazi ilikatizwa na Vita Kuu ya Kwanza mwaka 1914. Madaftari yalifungwa kabla taarifa haijaandikwa. Tutayarudia.

Vita vilimpeleka kwanza kwenye mahandaki ya Ufaransa kama askari wa miguu, na ugonjwa ukamrudisha. Aliporejea alipangiwa kazi ya ramani katika Jeshi la Tatu. Huko aliona jambo ambalo maprofesa wake hawakumfundisha. Kila siku ndege ziliruka juu ya mstari wa adui na kupiga picha, na kila siku maofisa walizisoma picha hizo na kuchora mahandaki mapya. Handaki ambalo mtu aliyesimama mita 200 kutoka kwake hakuliona, kutoka juu lilionekana kama mstari uliochorwa kwa kalamu. Mwaka 1917 aliingia kikosi cha ndege kama mtazamaji, yule anayekaa nyuma ya rubani na kuangalia chini. Alijeruhiwa mguu, akapona, akarudi angani, na Februari 1918 ndege yake ilitunguliwa na Wajerumani. Miezi iliyobaki ya vita aliimaliza akiwa mfungwa, kwa muda mrefu zaidi katika kambi ya Holzminden. Humo alianza kuandika kitabu chake Man and His Past, kilichotoka mwaka 1921, kinachotetea akiolojia inayotazama nchi nzima badala ya shimo moja.

Oktoba 1920 Charles Close, mkurugenzi wa Ordnance Survey, yaani ofisi ya ramani ya serikali iliyokuwa katika mji wa Southampton, alimpa Crawford kazi ambayo haikuwahi kuwepo: ofisa wa akiolojia. Kwa zaidi ya karne moja ramani za ofisi hiyo zilikuwa zikionyesha mambo ya kale, lakini kwa kubahatisha. Mpima ardhi aliandika alichoambiwa na mkulima au na kasisi wa parokia. Kilima cha kaburi kingeweza kuitwa ngome, na rundo la mchanga likaitwa kaburi. Wafanyakazi wengi wa ofisi waliona cheo kipya ni cha bure. Mwanzoni hakuwa hata na msaidizi.

Crawford alijibu kwa miguu na baiskeli. Katika miezi yake ya kwanza alizunguka milima ya Cotswold na maeneo ya jirani, akakagua sehemu zaidi ya 200, akiwa na ramani kubwa mkononi, akisahihisha, akifuta, akiongeza makaburi ya kale ambayo hayakuwa kwenye ramani yoyote. Matokeo yalitoka mwaka 1925 katika kitabu cha makaburi marefu ya Cotswold. Kwa kuwa nchi ni kubwa na yeye ni mmoja, aliwaandikia watu wa kila wilaya: walimu, madaktari, makasisi, wastaafu waliopenda kutembea. Kila mmoja alipewa ramani ya eneo lake na kuombwa kuweka alama. Ndivyo kazi ya ofisi moja ilivyopata macho mamia bila kuongeza mshahara wa mtu.

Hapa wanalugha wana sababu ya kusogea karibu, kwa sababu nusu ya ushahidi wake ulikuwa maneno. Uingereza ina hati za mashamba za zamani sana, zilizoandikwa kabla ya mwaka 1066, ambazo zinataja mipaka ya shamba kwa kutembea: kutoka kivuko hadi mti wa miiba, kutoka mti hadi mtaro wa zamani, kutoka mtaro hadi makaburi ya wapagani. Crawford alizichukua hati hizo shambani, katika nchi ya Andover na kwingineko, akafuata mpaka hatua kwa hatua. Neno lilipotaja makaburi ya wapagani, alitafuta kilima. Na mara nyingine kilima kilikuwepo bado, kimebaki na kimo cha goti baada ya karne nyingi za jembe. Alijifunza pia kwamba jina la mahali hupotoka katika midomo ya watu na katika kalamu za makarani, kwa hiyo jina la leo halitoshi. Lazima ulifuate kurudi nyuma hadi umbo lake la zamani zaidi lililoandikwa. Anayesoma majina ya vijiji vya Katanga au Kivu katika ramani za kikoloni anajua shida hiyo bila kuelezwa.

Kisha zikaja picha. Mwaka 1922 ofisa mmoja wa jeshi la anga alimwita aone picha zilizopigwa juu ya mashamba ya Hampshire wakati wa mazoezi. Ofisa aliona mistari asiyoielewa. Crawford aliielewa. Ilikuwa mipaka ya mashamba madogo ya mraba, yaliyolimwa zamani kabla ya Warumi na wakati wao, yamefunikwa na malisho na mashamba marefu ya siku za baadaye. Alikuwa ameyatafuta kwa miguu kwa miaka mingi, akipata kipande hapa na kipande pale. Kwenye karatasi moja yalikuwa yamelala mbele yake, uwanda mzima.

Namna picha hizo zinavyofanya kazi ni rahisi kueleza. Jua likiwa chini, asubuhi au jioni, tuta la kimo cha kiganja hutupa kivuli kirefu, na kivuli huonekana kutoka juu. Shamba likishalimwa, mtaro wa kale uliojaa udongo mweusi huonekana kama doa jeusi katikati ya chokaa nyeupe. Na hata tuta likiwa limesawazishwa kabisa, mazao yenyewe husema. Mtaro uliojaa una udongo mwingi unaoshika maji, kwa hiyo ngano iliyo juu yake hurefuka, hubaki kijani na huchelewa kuiva. Ukuta uliozikwa hunyima mizizi maji, na ngano iliyo juu yake hudumaa na kuwa njano mapema. Mwaka wa ukame, tofauti hiyo huwa kali zaidi. Crawford alipenda mfano wa paka na zulia: paka anayetembea juu ya zulia huona nyuzi na rangi zisizo na mpango, lakini mtu aliyesimama juu yake huona ua zima. Picha zote mbili ni za zulia moja. Kilichobadilika ni kimo cha jicho.

Mfano unaoonyesha uangalifu wake ni ule wa Stonehenge. Ilijulikana tangu zamani kwamba njia pana yenye mtaro kila upande inatoka kwenye mawe hayo, inashuka bondeni, kisha inapotea kwenye mashamba yaliyolimwa. Katika picha zilizopigwa mwaka 1921, mwaka wa ukame mkali, Crawford aliona mistari miwili myembamba ikiendelea, ikipinda na kuelekea mto Avon. Habari hiyo aliitangaza mwaka 1923, na magazeti yakaipokea kwa shangwe. Lakini mstari kwenye picha unaweza kuwa mengi: njia ya mkokoteni, bomba, mpaka wa shamba la juzi. Septemba ya mwaka huo alikwenda na mwenzake A.D. Passmore, wakakata mifereji midogo sana mahali picha ilipoonyesha, wakaikuta mitaro chini ya udongo. Basi wakafukia. Hawakuhitaji kufungua shamba zima. Hiyo ndiyo adabu aliyoiacha: soma alama ya juu kwanza, kisia, kisha kata kidogo tu kupima kama umesoma sawa.

Crawford hakuwa wa kwanza kupiga picha ya kale kutoka juu. Mwaka 1906 mwanajeshi Mwingereza alikuwa amepiga picha ya Stonehenge akiwa ndani ya puto, na wakati wa vita Wajerumani na Waingereza walikuwa wamepiga picha za magofu huko Palestina na Mesopotamia. Miaka iliyofuata Mjesuiti Mfaransa Antoine Poidebard alifuatilia barabara na ngome za Kirumi jangwani Syria kwa njia hiyo. Alichokifanya Crawford ni kuigeuza bahati kuwa mbinu, yenye masharti, msamiati na vielelezo ambavyo mtu mwingine angeweza kujifunza. Mwaka 1924, kwa fedha za Alexander Keiller, mrithi wa utajiri wa kiwanda cha jemu ya machungwa, walikodi ndege wakaruka juu ya Wessex majira yote ya kiangazi. Kitabu chao, Wessex from the Air, kilitoka mwaka 1928.

Kulikuwa na fikra nyuma ya mbinu hiyo, na Crawford aliirithi kwa mwanahistoria wa sheria F.W. Maitland. Zamani ngozi ya kuandikia ilikuwa ghali, hivyo karani aliweza kukwangua maandishi ya zamani na kuandika mapya juu yake. Maandishi ya kwanza hayakufutika kabisa. Jicho lenye subira huweza kuyasoma chini ya yale mapya. Ngozi ya namna hiyo huitwa palimpsesti. Maitland aliilinganisha na ramani ya Uingereza, na Crawford akaufanya ulinganisho huo kuwa kazi ya kila siku: barabara ya Warumi inakata shamba la kale, kwa hiyo shamba lilitangulia, mpaka wa parokia unafuata mtaro, kwa hiyo mtaro ulikuwepo mpaka ulipowekwa. Hivyo hupatikana mpangilio wa wakati bila hata tarehe moja. Mwanaisimu naye hufanya hivyo anapoamua ni mkopo upi uliingia katika lugha kabla ya badiliko fulani la sauti na upi uliingia baadaye.

Ramani yake ya Uingereza ya Kirumi, iliyotoka mwaka 1924, ilinunuliwa na watu wa kawaida kwa wingi ambao ofisi haikuutazamia. Mwaka 1927 alianzisha jarida Antiquity kwa fedha zake na mkopo wa rafiki, bila chuo wala chama nyuma yake. Alituma matangazo kwa posta, wasomaji wakalipa, na jarida likaishi. Alitaka kila makala iandikwe na mtaalamu kwa lugha ambayo mtu mwenye akili na asiye na shahada angeielewa. Katika toleo la kwanza aliandika juu ya kuta alizoziona zikienda chini ya bahari katika visiwa vya Scilly, mashamba yaliyomezwa na maji yaliyopanda.

Mwaka huo huo wa 1927 jarida changa liliingia vitani. Huko Glozel, karibu na Vichy nchini Ufaransa, tangu 1924 zilikuwa zikitoka ardhini tofali za udongo zenye herufi zisizojulikana, pamoja na mifupa iliyochorwa. Wasomi mashuhuri walitangaza kwamba maandishi yamegunduliwa Ulaya, ya kale kuliko yote. Crawford alikwenda kutazama, akarudi na kuandika bila kupepesa kwamba ni udanganyifu. Mwishoni mwa mwaka huo tume ya kimataifa ya wataalamu iliamua kwamba vitu vingi vya Glozel si vya kale. Mjadala juu ya baadhi ya vipande haukuisha hapo, lakini msimamo wake ulikuwa wazi: alama zikifanana na herufi hazijawa maandishi mpaka uthibitishe zilitoka tabaka gani la udongo na nani alizitoa.

Haki yatutaka tuseme na upande wa pili. Mtu huyu aliyedai ushahidi kwa kila alama alikwenda Umoja wa Kisovieti mwaka 1932, akarudi na sifa tele kwa nchi ambayo alionyeshwa tu kile wenyeji wake walichotaka akione, akaandika kitabu kizima ambacho hakikuchapishwa. Baadaye imani hiyo ilimwisha. Na kitabu chake cha mwisho alichokiona kikitoka, The Eye Goddess cha mwaka 1957, kilikusanya alama za macho kutoka Mashariki ya Kati hadi Ulaya Magharibi na kudai ni dini moja iliyosafiri. Wataalamu walikipokea kwa ubaridi. Kufanana kwa alama mbili kulimtosha pale ambapo zamani kusingemtosha. Wanafunzi wa isimu linganishi wanaujua mtego huo.

Julai 1939 alikuwa Sutton Hoo, mashariki mwa Uingereza, ambako jahazi zima la mfalme wa karne ya 7 lilikuwa likifunuliwa mchangani. Mbao zilikuwa zimeoza na kubaki umbo tu katika mchanga, na umbo hilo lisingedumu. Alipiga picha baada ya picha. Wiki chache baadaye vita vilianza tena.

Southampton ni bandari, na kila mtu alijua kwamba bandari hupigwa mabomu. Crawford aliwaomba wakubwa wa ofisi wahamishe kumbukumbu: ramani zilizosahihishwa kwa mkono, picha, barua za wale watu wa wilaya, vitabu. Hakusikilizwa. Alichoweza kubeba alikibeba mwenyewe na kukihifadhi katika gereji ya nyumba yake kijijini Nursling. Mwishoni mwa mwaka 1940 ndege za Ujerumani ziliuteketeza mji, na makao ya Ordnance Survey yakaungua pamoja na sehemu kubwa ya kumbukumbu zake. Vilima vilivyopimwa vilibaki pale pale mashambani. Kilichoungua ni miaka ishirini ya maneno juu yake: nani alikiona kilima gani, lini, kilikuwa na kimo gani kabla ya trekta. Maelezo ya jinsi kitu kilivyokuwa siku fulani hayawezi kukusanywa mara ya pili.

Hakukaa kulalamika, ingawa alikuwa hodari wa kulalamika. Alijiunga na mradi wa taifa wa kuweka kumbukumbu za majengo, akatembea katika mitaa ya Southampton na kamera, akapiga maelfu ya picha za nyumba za kale, zilizosimama na zilizobomoka, kabla hazijaondolewa.

Alistaafu mwaka 1946. Mwaka huo huo, huko Dorchester karibu na Oxford, Richard Atkinson alichomeka vyuma ardhini na kupitisha umeme kati yake. Udongo wenye unyevu, kama ule wa mtaro uliojaa, hupitisha umeme kwa urahisi, jiwe huupinga. Kwa kusoma vipimo kwenye mstari baada ya mstari, alichora mitaro ambayo hakuna jicho lililoiona. Hapo ndipo huhesabiwa mwanzo wa jiofizikia ya kiakiolojia, ingawa tangu mwaka 1893 Jenerali Pitt Rivers alikuwa ameshajaribu kwa sikio: aligonga ardhi kwa zana ya kuchimbia akasikiliza pale sauti ilipobadilika. Mwaka 1958 Martin Aitken na wenzake walitembeza magnetomita mahali paitwapo Water Newton wakapata matanuru ya Kirumi, kwa sababu udongo uliochomwa sana hushika usumaku wake. Crawford hakuiona siku hiyo. Lakini vyombo hivyo viliingia katika nyumba aliyoijenga yeye: pima eneo lote, weka kila kipimo kwenye ramani, soma umbo, ndipo ufikirie jembe.

Miaka yake ya mwisho ilimrudisha Afrika. Alipita tena bonde la Nile akiorodhesha ngome na makanisa yaliyoachwa, akaandika historia ya ufalme wa Fung wa Sennar, iliyotoka mwaka 1951. Na mwaka huo huo, akishirikiana na Frank Addison, alichapisha taarifa ya Abu Geili, mahali alipochimba kabla ya vita. Ilikuwa imepita miaka 37. Udongo ule ulikuwa umeshafunguliwa, na lililofunguliwa halifungiki tena kama lilivyokuwa. Taarifa isingetoka, kijiji hicho cha kale kingekuwa kimeharibiwa bure, na jasho la wale wanakijiji wa Sennar lingekuwa limepotea pamoja nacho.

Alifariki usingizini nyumbani kwake Nursling, usiku wa tarehe 28 kuamkia 29 Novemba 1957, akiwa na miaka 71, bado mhariri wa Antiquity. Jarida hilo linaendelea kutoka hadi leo.

Tunaokwenda vijijini na kinasa sauti tunafanana naye kuliko tunavyodhani. Mzee anayetupa jina la kijito, methali au wimbo wa kilimo hutupa mara moja, na mara nyingi hatukuti tena wa kumwuliza. Ofisi iliyoungua Southampton ilikuwa ya serikali tajiri, yenye kuta na walinzi. Kilichookoka ni kile ambacho mtu mmoja mgomvi alikihamishia katika gereji yake. Basi rekodi iwe na tarehe, jina la mahali na jina la aliyesema. Inakiliwe, na nakala ikae nyumba nyingine. Na taarifa iandikwe mwaka huu. Si kila mtafiti atapewa miaka 37 ya kurudi kumaliza kazi yake.